Simaloi na Gurudumu la Nne

Ukifika Olkokola, kwenye mteremko wa magharibi wa Mlima Meru, ukauliza nani pale ana mdomo, utaelekezwa kwa Simaloi kabla hujamaliza swali. Si mdomo wa matusi, la. Ni mdomo wa kusema jambo kama lilivyo. Bwana mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe wake na sindano ile ile aliyotoka nayo kwa jirani, Simaloi alimwambia mbele ya watu wote, “Mwanangu, hiyo ukamchome ng'ombe wa mama yako.” Na mwaka ule mwinjilisti alipohubiri siku ya mavuno mpaka jua likapita utosini, ni yeye aliyenyoosha mkono kutoka benchi la tatu akamkumbusha kwamba ndama wana kiu. Watu walicheka, mwinjilisti naye akacheka, na sala ya mwisho ikaombwa.

Basi mchukue mwanamke huyo, na miaka yake hamsini na minane, umshushe Moshono nyumbani kwa mkwe wake. Utashangaa. Anakuwa bubu kabisa. Hata kikohozi anakwenda kukitolea jikoni.

Kwa Waarusha, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai benchi moja, na jina la mkwe halitoki mdomoni mwa mama mkwe hata akiulizwa na polisi. Lengai alipomwoa Nice alimpa mama mkwe wake kondoo jike, na tangu siku hiyo wawili hao wanaitana Paker, jina la watu waliopeana kondoo, tena kila mmoja akilitamka huku anatazama pembeni. Vijana wengi wa mjini wameshayaacha haya. Lengai hakuyaacha, na Simaloi alimpenda kwa hilo kuliko kwa ng'ombe wote aliowatoa.

Alikuwa ameshuka Jumatatu, na dumu la maziwa ya mgando na kuku wawili waliofungwa miguu, kumsubiri Nice ajifungue. Nice ni kitinda mimba wake. Alikuwa kwenye ndoa mwaka wa nane. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, ya pili ikiwa na miezi sita, na siku ile Simaloi ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Tangu hapo hakutoka kanisani Jumapili yoyote bila kubaki nyuma dakika tano, akimwomba Mungu jambo moja tu, lile lile, mpaka mzee wa kanisa mwenye funguo akazoea kumsubiri mlangoni. Alhamisi Mungu akajibu. Mtoto wa kike, kwa upasuaji, kilo tatu na robo, na kilio ambacho manesi walisema kimeamsha wodi nzima. Simaloi alipoambiwa kwenye simu alikaa chini palepale uani, katikati ya kuku, akalia kwa furaha bila kujificha.

Tatizo likaja Alhamisi hiyo hiyo jioni. Nice yuko hospitali, na nyumbani wamebaki wawili: mkwe na mama mkwe, nyumba moja, hakuna wa katikati. Lengai akawa anapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, mara tatu, kisha anahesabu hadi kumi ndipo aingie, na Simaloi kwa muda huo ameshatokea mlango wa jikoni. Chakula kikiiva anakiweka mezani, anafunika, anakwenda kusimama nyuma ya migomba mpaka asikie kijiko kimewekwa chini. Na likitokea jambo la kuambizana, Lengai anampigia Nice hospitali: “Mwambie mama sukari iko kabati la chini.” Dakika moja baadaye simu ya Simaloi inalia chumba cha pili: “Mama, sukari iko kabati la chini.” Nice na mshono wake tumboni, mtoto kwenye ziwa, ndiye aliyekuwa mnara wa simu wa nyumba ile. Kila akicheka alikuwa analalamika kwamba wanamuumiza.

Ilikuwa imepangwa Nice atoke Jumapili saa sita mchana, na Lengai alikuwa ameapa jambo. Yeye ni mchomeleaji wa mageti huko Ngarenaro, na nyumbani ana Prado ya zamani, nyeusi, ambayo siku aliyoinunua alisema wazi kwamba ameinunua kwa ajili ya watoto. Miaka minane kiti cha nyuma kilibeba mabomba ya chuma na mifuko ya saruji. Ijumaa yote alilisugua gari hilo kwa sabuni ya unga, akatandika kiti cha nyuma blanketi jipya la manjano. Mtoto wake hatafika nyumbani kwa gari la kukodi. Simaloi alimsikia akiyasema haya kwenye simu, kupitia ukuta, na moyo wake ukaruka, kwa sababu yeye naye ndivyo alivyokuwa anataka, ila hakuwa na wa kumwambia.

Jumamosi alasiri, Lengai akirudi kutoka hospitali, breki zikaisha mlangoni pake. Mguu ulizama mpaka sakafuni, akavuta hendibreki, na gari likasimama pua yake ikinusa ukuta. Alipochungulia akakuta mpira mdogo wa breki wa gurudumu la nyuma kushoto umepasuka, na mafuta ya breki yamemwagika njiani yote. Mpira mpya aliupata mjini kabla maduka hayajafungwa, na Jumapili alfajiri alikuwa ameshaufunga. Lakini hilo ni nusu ya kazi. Mafuta yakimwagika kiasi hicho, upepo unaingia kwenye mabomba ya breki, na upepo, tofauti na mafuta, unabonyea. Unakanyaga, na badala ya kusimamisha gari unabonyeza upepo. Ni lazima utolewe, gurudumu moja baada ya jingine, na kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja ndani anakanyaga, mwingine chini anafungua na kufunga kinati cha kutolea upepo.

Mtu wa pili alikuwa awe Godbless, fundi magari rafiki yake. Lakini Godbless siku hiyo mwanawe alikuwa anapata kipaimara huko Umeruni, na simu yake haikupatikana. Majirani wa kulia wote wako kanisani. Wa kushoto vilevile. Watoto wa mtaa mzima wako shule ya Jumapili. Saa tatu na nusu asubuhi, ndani ya ua ule, palikuwa na miguu minne tu, na miwili kati ya hiyo ilikuwa jikoni inamenya ndizi.

Simu ya Simaloi ikalia.

“Mama, kaa chini kwanza,” akasema Nice.

“Mtoto ana nini?”

“Mtoto hana kitu, ananyonya. Ni baba yake.”

“Baba yake ana nini?”

“Anaomba mguu wako.”

Simaloi akautazama mguu wake wa kulia. “Wa kufanyia nini?”

“Wa kukanyagia breki, mama. Usinichekeshe, naumia.” Nice alikuwa anacheka peke yake. “Sikiliza. Utakaa kwenye kiti cha dereva. Yeye atakuwa chini kwenye tairi. Hatakuambia neno, anaona haya. Atagonga chuma. Akigonga mara moja, kanyaga na ushikilie. Akigonga mara mbili, achia. Usiachie kabla ya mara mbili, mama, upepo utarudi ndani. Umeelewa?”

“Moja nakanyaga, mbili naachia.”

“Basi. Daktari anaingia, wanataka tuzime simu. Msigombane!”

Msigombane! Watu ambao hawajawahi kupeana hata chumvi mkono kwa mkono.

Simaloi alinawa miguu kwanza. Aliisugua kwa jiwe kwenye bomba la nje, akaifuta kwa kanga, kana kwamba anakwenda kuingia kanisani na si kwenye gari. Alipofika akakuta gari limeinuliwa kwa jeki na kigogo upande wa nyuma, na kiti cha dereva kimetandikwa shuka jipya jekundu lililokuwa bado na mikunjo ya dukani, ili asikalie mahali anapokalia mkwe wake. Lengai mwenyewe haonekani. Ni viatu tu vilivyochomoza nyuma ya gurudumu. Alipanda, akaweka mikono kwenye usukani, na hapo, nakuambia kweli, akasahau umri wake. Maisha yake yote alikuwa abiria wa nyuma. Hakuwa anajua kwamba kutoka pale mbele dunia inaonekana pana hivyo. Alipapasa kwa mguu akaikuta pedeli ya kati, akasubiri.

Kwaa! Chuma kimegongwa mara moja.

Akakanyaga. Mguu ukazama taratibu mpaka chini, laini, kama unakanyaga kiwele. Akashikilia. Huko nyuma kitu kikalia pssss, kisha chuma kikagongwa mara mbili, akaachia. Kwaa! Akakanyaga tena. Mara nne, mara sita, mara nane, na kufikia ya tisa alihisi kitu kipya: pedeli inamsukuma. Kidogo tu, lakini inamsukuma. Nusura apige kigelegele ndani ya gari.

Wakahamia la nyuma kulia. Kisha la mbele kushoto. Kila wakimaliza gurudumu, Lengai alizunguka mbele kuongeza mafuta kwenye kikopo cha breki, na boneti iliyoinuliwa ikawa pazia kati yao, hakuna aliyemwona mwenzake. Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Mguu wa Simaloi haukuwa mguu wa kubahatisha. Umekanyaga udongo na samadi ya kukandikia nyumba nne, na kwa kukanyaga tu, bila kutazama, unajua udongo ulioiva na ule ambao bado una mapengo ndani, ule ambao ukikauka unapasuka. Kila gurudumu lilipokwisha alisikia udongo unaiva. Jasho lilimtoka, kilemba kikalegea, na alikuwa na furaha kama msichana aliyeachiwa ng'ombe kwa mara ya kwanza.

Likabaki gurudumu la nne, la mbele kulia.

Sasa fikiria wewe mwenyewe gurudumu hilo liko wapi. Liko chini ya mlango wa dereva. Kufika hapo Lengai ilimbidi achuchumae mkono mmoja tu kutoka kwenye magoti ya mama mkwe wake, kichwa chake usawa wa dirisha, dirisha lenyewe wazi. Alikuja kinyumenyume. Akachuchumaa, akageuza uso wote kuelekea kwenye migomba, na mkono ukawa unakitafuta kinati kwa kupapasa. Mpira wa kutolea upepo, ule mwembamba unaoonyesha ndani, aliuchomeka na mwisho wake akautumbukiza kwenye chupa ya maji iliyotiwa mafuta ya breki kidogo, yote hayo bila kugeuza shingo. Macho kwenye migomba. Ungedhani anahesabu mikungu.

Simaloi naye alipaswa kutazama upande mwingine. Alijaribu, Mungu ni shahidi. Alitazama paa la jirani, akatazama kilele cha Meru kilichokuwa kimetoka kwenye mawingu. Lakini chuma kilipogongwa na mguu wake ukazama, macho yakashuka yenyewe. Akaona mapovu. Makubwa, yanakimbizana ndani ya ule mpira, yanapasukia kwenye chupa. Chuma kikagongwa mara mbili, akaachia. Kwaa tena, akakanyaga, na mapovu yakaja tena, mengi vilevile. Kisha mara mbili. Akajiandaa kwa mara ya tatu.

Mara ya tatu haikuja. Lengai alikuwa ameshafunga kinati, ameshasimama, anaondoka kwa hatua ndefu, shingo nzima imeiva kwa haya. Magurudumu mengine aliyafanyia mara nane, mara kumi. Lile la miguuni mwa mama mkwe, mara mbili.

Simaloi alibaki pale kitini. Akakanyaga polepole, peke yake. Pedeli ilisimama mahali, ikawaza, kisha ikazama.

Saa tano kasoro. Lengai alifunga tairi la mwisho, akashusha jeki, akapiga mluzi. Alikuwa na raha ya kupindukia. Alioga akiimba, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi, akajipaka mafuta mpaka shingoni. Akawasha gari palepale uani, akakanyaga breki haraka haraka mara tatu, na pedeli ikapanda ikawa ngumu. Breki yenye upepo kidogo inaweza kukudanganya hivyo ukiwa umesimama. “Safi kabisa!” akajiambia kwa sauti.

Jikoni, Simaloi alikuwa anampigia Nice kwa mara ya nne. Simu bado imezimwa. Barabara ya kutoka pale, kila mtu anaijua: unatoka getini, unashuka mteremko wa changarawe mpaka kwenye daraja dogo lisilo na kingo, kisha ndio unapanda kwenda lami. Kushuka na kupanda, na wakati wa kurudi, Nice atakuwa kiti cha nyuma na mshono wake, na mtoto wa siku tatu. Alijua. Mguu wake ulijua na macho yake yalijua. Na hakuna mtu mwingine duniani aliyejua.

Lakini atasemaje? Amwambie mkwe wake kwamba kazi yake mbovu, mkwe aliyemheshimu miaka minane? Na akisema aliona mapovu, si amekiri kwamba alikuwa anamtazama, pale chini, karibu vile? Alitoka mlango wa jikoni akarudi ndani. Akatoka tena. Mdomo ule uliowahi kumnyamazisha mwinjilisti ulikuwa mkavu.

Gari likaanza kutembea kuelekea getini. Na miguu ya Simaloi ikaamua kabla yake. Alikimbia. Alilipita gari kwa pembeni, akafika getini, akaligeukia, akaegemeza mgongo kwenye geti lililofungwa, mikono ameitandaza.

Lengai akakanyaga breki, na kwa mwendo ule wa konokono gari likasimama. Sasa tazama mkwamo uliotokea. Hawezi kumpigia honi mama mkwe. Hawezi kumtazama. Hawezi kumwambia apishe. Akainamisha kichwa akausoma usukani. Simaloi akatazama mawingu. Wangeweza kukaa hivyo mpaka mtoto aanze shule.

“Paker,” akasema Simaloi, akitazama pembeni.

“Paker,” akajibu Lengai, akitazama pembeni vilevile.

“Hilo gari lina neno.”

“Hapana, Paker. Liko sawa. Kazi imekwisha, ahsante sana kwa mguu.”

“Bado lina neno.”

“Paker, usiwe na wasiwasi. Nimelijaribu.”

Alisema kwa upole, kwa heshima zote, na ni upole ule uliomchoma Simaloi. Aliona kwamba kwa njia hii wataagana vizuri sana, na gari litashuka kwenda darajani. Akateremsha mikono. Akaja mpaka dirishani, akashika mlango kwa mikono miwili, akamtazama usoni.

“Lengai!”

Injini ikazimika. Sijui kama aliizima au aliachia klachi vibaya, maana hata yeye mwenyewe mpaka leo hasemi. Kuku walikimbia.

“Nitazame,” akasema Simaloi, na sauti ilikuwa ile ya Olkokola, sasa imerudi yote. “Ndiyo, nimekuita jina, kama kuna faini nitaitoa mimi. Nilikutazama ulipokuwa pale chini, na hilo nalo uliandike. Ule mpira ulikuwa bado unatoa mapovu na wewe ukafunga. Ulikuwa unatazama migomba. Migomba ina breki?”

“Mama...”

“Mguu wangu ulizama. Magurudumu matatu yalisimama, la nne likazama. Miaka yote hii nimepiga magoti, Lengai. Nimemzikia Nice mmoja wa miezi sita, kwa mikono hii. Huyu mtoto hapandi gari la heshima. Anapanda gari lenye breki!”

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Lengai alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wake, na akaona Nice amechukua macho ya nani.

“Ni kweli, mama,” akasema polepole. “Niliona haya. Nilitaka tu niondoke hapo haraka.”

“Najua. Mimi pia. Sasa vua hilo shati.”

Ungewaona safari hii! Shati jeupe limetundikwa kwenye tawi, jeki imepigwa, tairi limetoka, na Simaloi yuko kwenye usukani, mlango wazi kabisa. Hakuna cha kugonga chuma.

“Kanyaga, mama!”

“Nimekanyaga!”

“Shikilia hapo hapo!”

“Nimeshikilia! Yanatoka?”

“Yanatoka mengi! Subiri... nimefunga. Achia!”

“Tena!”

“Tena! Kanyaga!”

“Lengai, macho kwenye mpira!”

“Yako kwenye mpira, mama!”

Sauti zilivuka ukuta. Mara ya tano mapovu yalikuwa madogo. Mara ya nane likatoka moja, peke yake, likajivuta taratibu ndani ya mpira na wote wawili wakalisindikiza kwa macho mpaka likapasuka kwenye chupa. Mara ya tisa yakaja mafuta matupu. Ya kumi, matupu. Lengai akafunga kinati akakaza. Simaloi akakanyaga mara ya mwisho, taratibu, akisikiliza kwa unyayo. Pedeli ilishuka kidogo ikagota. Akaongeza uzito wote wa mwili wake. Haikusogea.

“Imesimama,” akasema. Kisha akapiga kelele, “Imesimama, Lengai! Imesimama!” na kigelegele alichokuwa amekibana tangu gurudumu la kwanza kikatoka, kirefu, chenye mikunjo, mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Lengai alicheka akapiga boneti kwa kiganja. Saa sita kasoro dakika ishirini. Alinawa mikono, akavaa shati, akafungua geti. Aliporudi kwenye gari akamkuta mama mkwe wake ameshakaa. Si kiti cha nyuma. Mbele, upande wa abiria, kanga ameibana vizuri, mikono kwenye mapaja.

“Kabla ya mjukuu wangu, nitalijaribu mimi,” akasema. “Endesha.”

Walishuka mteremko ule wa changarawe, na katikati yake akamwambia, “Simama!” Lengai akakanyaga. Magurudumu manne yakauma ardhi kwa pamoja, changarawe ikalia chini yao, kilemba cha Simaloi kikamwangukia puani, na gari likawa limesimama kimya, pua yake imeelekea daraja lililo hatua thelathini mbele.

Simaloi alikirudisha kilemba mahali pake. “Tena.”

“Tena, mama?”

“Tena.”

Walijaribu mara tatu kabla ya daraja na mara moja baada yake, na mara ya mwisho wote wawili walikuwa wanacheka ovyo, kama watu waliolewa, na watu waliokuwa wanatoka ibada ya pili wakawapisha njia kwa tahadhari.

Hospitalini Nice alikuwa ameshatolewa nje, amekaa kwenye benchi la barazani, mtoto amefunikwa mpaka kidevuni, nesi amesimama karibu na begi. Aliliona gari lao likiingia getini akatabasamu. Kisha akaona nani amekaa mbele, na tabasamu likasimama njiani. Gari likaja, likapunguza mwendo, likasimama taratibu mbele ya miguu yake, hata mtoto hakushtuka. Mama yake akashuka kutoka kiti cha mbele. Alikuwa na doa la mafuta kwenye shavu. Akaja moja kwa moja kwa mtoto, akafunua blanketi kwa kidole kimoja, akautazama uso ule mdogo kwa muda mrefu bila kusema kitu, na kwa Simaloi hiyo ilikuwa hotuba.

“Lengai,” akasema bila kugeuka, “leta begi, halafu fungua mlango wa nyuma.”

“Sawa, mama,” akajibu Lengai, na akalikimbilia begi.

Nice aliwatazama, mmoja, kisha mwingine. “Mama,” akasema kwa sauti ya chini, “umemwita nani?”

Simaloi alikuwa ameshamchukua mtoto, amemweka begani, anatembea kuelekea kwenye gari.

“Nimemwita baba wa huyu,” akasema. “Ingia, mwanangu. Breki zipo.”